Kabla mjomba hajaahidi mashine ya gemu

Tarehe 5 Juni 2025, kampuni ya Nintendo ya Japani ilianza kuuza Switch 2, mashine ya gemu inayochezewa mkononi na ambayo pia huunganishwa na televisheni. Zipo nyumba ambazo habari hiyo haijasikika kabisa. Zipo nyingine ambako mtoto anaijua tarehe hiyo kuliko tarehe ya kufunga shule, na kila jioni huja na jambo jipya: kioo kimekuwa kikubwa, prosesa imebadilika, pedi zinashika kwa sumaku.

Mzazi ndiye anayebaki katikati. Anasikiliza habari za pikseli na hezi bila kujua kama anaelezwa jambo la maana au anapigwa porojo. Akiuliza bei anaambiwa kwamba ilipozinduliwa mwaka 2025 ilikuwa dola 449.99 za Marekani. Kwa kiwango cha wakati huo cha takriban shilingi 2,700 kwa dola moja, hiyo ilikuwa zaidi ya shilingi milioni 1.2, kabla ya usafiri na ushuru na kabla ya kununua gemu hata moja.

Kwa familia nyingi fedha hiyo ina majina mengine: ada, bati, mtaji wa duka. Kwa hiyo si haki kumwambia mzazi kwamba haya ni mambo ya watoto. Si haki pia kumwambia mtoto kwamba anapenda upuuzi, kwa sababu mengi anayoyasema ni kweli. Kinachotakiwa ni kuyasoma maelezo ya kifaa pamoja, na kutenganisha kilichoahidiwa na kitakachotumika.

Matumaini yana msingi

Switch ya kwanza ilitoka tarehe 3 Machi 2017, na hadi leo zimeuzwa zaidi ya milioni 150. Lakini hata ilipokuwa mpya haikuwa na nguvu ya kutisha. Prosesa yake ilitokana na Tegra X1 ya kampuni ya Nvidia, aina iliyokwisha kuonekana sokoni tangu 2015. Kioo chake kilikuwa cha inchi 6.2, na hifadhi ya ndani ilikuwa gigabaiti 32 tu, kiasi ambacho leo mtu hakubali hata kwenye simu ya bei nafuu.

Tarehe 2 Aprili 2025 Nintendo ilieleza mrithi wake kwa kirefu. Kioo ni cha inchi 7.9 chenye pikseli 1,920 kwa 1,080. Ukizidisha unapata zaidi ya milioni mbili, wakati kioo cha zamani kilikuwa na pikseli laki tisa na kidogo. Hifadhi ya ndani ni gigabaiti 256, mara nane ya ile ya kwanza. Nvidia, ambayo ndiyo iliyotengeneza prosesa mpya, inasema nguvu ya kuchora picha ni mara kumi ya Switch ya zamani. Ikichomekwa kwenye kitako chake na kuunganishwa na televisheni, inaweza kutoa picha ya kiwango cha 4K.

Sehemu ya nguvu hiyo inatokana na akili mnemba. Mashine huchora picha ndogo isiyo na gharama kubwa, kisha programu iliyofundishwa kwa picha nyingi hukisia pikseli zinazokosekana na kuikuza. Ni sawa na fundi mzoefu anayeonyeshwa kipande cha kitenge na kuweza kuendeleza maua yake mpaka mwisho wa pindo. Akiwa hodari, mtazamaji hatambui palipounganishwa.

Jambo jingine linalowapa watoto furaha ni kwamba gemu nyingi za Switch ya zamani huchezeka kwenye mpya, ingawa Nintendo yenyewe imesema zipo chache zenye matatizo. Mtoto aliyejikusanyia kadi zake kwa miaka hazitupi. Kwa hiyo mtoto anayesema hii si mashine ile ile iliyopakwa rangi anasema kweli.

Neno "hadi"

Mashaka yanaanzia kwenye neno moja dogo. Kioo kinaweza kubadilisha picha hadi mara 120 kwa sekunde. Televisheni inaweza kupata hadi 4K. Betri inaweza kudumu hadi saa sita na nusu. Kila mama aliyewahi kuingia dukani kwa tangazo la "punguzo hadi asilimia 50" analijua neno hilo. Kitu kimoja pale mlangoni kimepunguzwa nusu bei, na vingine vyote vimepunguzwa asilimia tano.

Si kwamba muuzaji amedanganya. "Hadi" ni dari ya nyumba, na watu hawaishi darini. Kioo kinachoweza kufika 120 hakiifanyi kila gemu ikimbie 120, kwani hilo linategemea uzito wa gemu na kazi ya waliyoiandika. Picha ya 4K haipatikani mkononi hata kidogo, inapatikana kwenye kitako tu, na nyumba isiyo na televisheni ya 4K haitaiona. Mtoto anayecheza zaidi akiwa kitandani au kwenye daladala atatumia mashine nyingine kabisa na ile iliyoonyeshwa kwenye tangazo la sebuleni.

Kuna na suala la aina ya kioo. Mwaka 2021 Nintendo ilitoa Switch yenye kioo cha OLED, ambacho kila pikseli hujiwashia mwanga wake, hivyo nyeusi huwa nyeusi kweli na rangi hukolea. Switch 2 imerudi kwenye LCD, ambayo hupata mwanga kutoka taa ya nyuma. Aliyezoea OLED ana haki ya kuuliza kwa nini alipe zaidi na kurudishwa nyuma upande huo. Jibu la kampuni ni kwamba LCD nazo zimeendelea. Jibu hilo hupimwa kwa macho ya wanunuzi wenyewe.

Betri: ndoo kubwa, bomba kubwa

Katika vipimo vyote, unaoigusa familia kila siku ni betri. Betri ya Switch 2 ina ujazo wa mAh 5,220, na ya zamani ilikuwa 4,310. Mtoto atasema imeongezeka, na hajakosea. Lakini muda uliotajwa na kampuni ni saa 2 hadi 6.5. Switch ya kwanza kabisa ilitajiwa saa 2.5 hadi 6.5, na ile iliyoboreshwa mwaka 2019 ikatajiwa saa 4.5 hadi 9.

Yaani ndoo imekuwa kubwa, lakini na bomba la kutolea maji limekuwa nene. Pikseli zaidi ya mara mbili zinataka kuchorwa, na kila inayochorwa inakula umeme. Kwa gemu nzito, familia ihesabu saa mbili. Mtoto anayetoka Tanga kwenda Dar es Salaam kwa basi, akianza kucheza basi linapoondoka, anaweza kujikuta na kioo cheusi kabla ya Chalinze. Na hizo ni saa mbili za betri mpya. Betri za aina hii huchoka kadiri zinavyochajiwa, kama ambavyo kila mwenye simu ya miaka mitatu anajua.

Kwa baadhi ya wazazi hilo linaweza kuonekana baraka, kwamba chaji ikiisha mtoto ataenda kusoma. Haitokei hivyo. Mtoto hukaa sakafuni karibu na soketi, waya umemvuka mapajani, na kila anayepita anajikwaa. Muda wa kucheza upangwe na mzazi, si na betri.

Kijiti kinachotembea chenyewe

Shaka kubwa kuliko zote inahusu kitu chenye ukubwa wa kifungo cha shati. Ni kijiti cha kuongozea kilicho kwenye pedi, kile kinachosukumwa kwa kidole gumba.

Kwenye Switch ya zamani, vijiti vya pedi zake, zinazoitwa Joy-Con, vilipata sifa mbaya duniani kote. Mchezaji anaacha kukigusa, lakini mtu wa kwenye gemu anaendelea kutembea. Ndani yake kuna viguso vidogo vinavyosugua juu ya utando wa kaboni ili mashine ijue kijiti kimeelekea wapi. Msuguano wa miezi mingi hula utando, vumbi huingia, na taarifa zinazotoka huwa za uongo. Malalamiko yalifika mahakamani Marekani mwaka 2019, na mwaka uliofuata rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi kwa usumbufu uliowapata wateja.

Wachezaji wengi walitumaini kwamba safari hii vitawekwa vijiti vya sumaku, vinavyojulikana kwa jina la Hall effect. Hivyo hupima mahali pa kijiti bila kitu kugusana na kingine, hivyo hakuna cha kusuguliwa kikaisha. Mwezi Aprili 2025 ofisa mmoja wa Nintendo ya Marekani alithibitisha kwamba vijiti vya Switch 2 si vya aina hiyo. Kampuni inasema vimeundwa upya kuanzia mwanzo, ni vikubwa zaidi na vinakwenda laini.

Inawezekana kabisa vimepona ugonjwa ule. Lakini ugonjwa wenyewe hauonekani siku ya kwanza. Huonekana baada ya miezi ya kutumika, na hakuna anayeweza kuipata miezi hiyo kabla ya muda wake, si mwandishi wa magazeti, si kijana wa YouTube anayefungua boksi kwa shangwe. Mtu aliyesema tarehe 6 Juni 2025 kwamba vijiti havina tatizo, alisema kabla ya wakati.

Kwa mzazi wa Afrika Mashariki shaka hii ina uzito wa ziada. Mwaka 2023 Nintendo ilitangaza kuwatengenezea bure wateja wa Ulaya na Uingereza Joy-Con zenye tatizo hilo, hata kama muda wa dhamana umepita. Mtoto wa London anaipeleka posta. Mtoto wa Tanga anaipeleka kwa fundi simu, ambaye anaweza kuwa hodari sana, lakini kipuri anakiagiza mbali na familia inakilipia yenyewe.

Kadi, hifadhi na bando

Gigabaiti 256 ni nyingi zikilinganishwa na 32, lakini gemu nazo zimenenepa. Zikijaa, itahitajika memori kadi, na hapa kuna mtego. Switch 2 haihifadhi gemu kwenye memori kadi za kawaida zinazouzwa kila mtaa kwa ajili ya simu. Inataka microSD Express, aina mpya yenye kasi kubwa na bei kubwa. Kadi aliyonayo baba kwenye simu ya zamani haitasaidia.

Mtego wa pili uko kwenye kadi za gemu zenyewe. Kadi nyingine hubeba gemu nzima, na Cyberpunk 2077, gemu nzito kweli, ilikuja hivyo kwenye kadi ya gigabaiti 64. Nyingine, kama Street Fighter 6, zilikuja kama kadi za ufunguo. Kadi ya namna hiyo haina gemu ndani, ina ruhusa ya kuipakua. Mnunuzi anarudi nyumbani na boksi zuri, anaichomeka, halafu anatakiwa kushusha makumi ya gigabaiti kwa intaneti. Na baada ya kushusha, kadi lazima ibaki imechomekwa kila anapocheza.

Nyumba yenye intaneti ya waya itangoja saa kadhaa. Nyumba inayoishi kwa bando la simu itapiga hesabu na kugundua kwamba gemu imenunuliwa mara mbili, mara moja dukani na mara ya pili kwa mtandao wa simu. Habari njema ni kwamba kadi ya ufunguo hutambulishwa kwa maandishi sehemu ya chini mbele ya boksi. Anayenunua zawadi asome boksi hilo kabla ya kulipa.

Na bei ya gemu imepanda. Mario Kart World, ambayo ndiyo watoto wengi wanaiota, iliwekewa dola 79.99 Marekani mwaka 2025, zaidi ya shilingi laki mbili kwa kiwango cha wakati huo. Wakati wa uzinduzi, ikinunuliwa pamoja na mashine, jumla ilikuwa dola 499.99, hivyo kulikuwa na nafuu ya dola 30. Atakayepeleka nyumbani mashine peke yake akidhani amemaliza, amenunua jiko bila mkaa.

Mkono wa nani?

Switch 2 ikiwa na pedi zake ina uzito wa gramu 534 hivi. Ya kwanza ilikuwa na gramu 398. Switch Lite ya mwaka 2019, iliyotengenezwa kwa kuchezea mkononi tu, ilikuwa na gramu 275. Kwa kijana wa kidato cha tatu tofauti hiyo si kitu. Kwa mtoto wa miaka sita ni nusu kilo ya sukari na zaidi, imeshikwa mbele ya uso kwa mikono iliyonyooshwa. Atachoka mabega, atajikunja, na siku moja itamponyoka.

Historia inaonyesha kwamba ubora wa kwenye karatasi na ubora wa mkononi si kitu kimoja. Mwaka 1989 Nintendo ilitoa Game Boy, yenye kioo kisicho na rangi wala taa. Mwaka uliofuata Sega ikatoa Game Gear, yenye rangi na taa, na kwenye tangazo hapakuwa na mashindano. Lakini Game Gear ilikula betri ndogo sita kwa saa chache, wakati Game Boy ilitumia nne kwa saa nyingi zaidi. Watoto walichagua ile iliyowaka mpaka mwisho wa safari. Gunpei Yokoi, mhandisi aliyeiongoza kazi ya Game Boy, aliamini katika kutumia teknolojia iliyozoeleka na ya bei nafuu kwa namna mpya, badala ya kukimbilia iliyo ngeni na ghali.

Mwaka 2011 ikaja Nintendo 3DS, iliyoonyesha picha zenye kina bila miwani. Ilikuwa ajabu ya mwaka. Lakini kampuni yenyewe ilionya kwamba watoto wa miaka sita kwenda chini wasitumie picha hizo kwa sababu macho yao bado yanakua. Miaka miwili baadaye ikatolewa 2DS, mashine ile ile bila ile ajabu, kwa bei nafuu zaidi, na wazazi wa watoto wadogo ndio waliolengwa. Mwisho wa mwaka huo huo wa 2011 Sony nayo ilitoa PS Vita nchini Japani, yenye kioo kizuri cha OLED na nguvu kubwa, lakini ikailazimisha familia kununua memori kadi za Sony pekee, tena kwa bei ya juu. Haikuuzika ilivyotarajiwa. Kwa upande huo Switch 2 ina afadhali, kwa kuwa microSD Express inatengenezwa na kampuni mbalimbali, na ushindani hushusha bei kadiri muda unavyokwenda.

Anayengoja anapata nini

Watu hudhani kungoja ni kukosa. Kwenye mashine za gemu, mara nyingi kungoja kumelipa. Hiyo 3DS ilianza kuuzwa Marekani mwishoni mwa Machi 2011 kwa dola 249.99. Ilipofika tarehe 12 Agosti ilikuwa dola 169.99. Waliokimbilia walipoteza dola 80 ndani ya miezi mitano, wakafidiwa kwa gemu 20 za zamani.

Switch ya kwanza haikushushwa bei namna hiyo, lakini waliongoja hadi 2019 waliipata kwa bei ile ile ya dola 299.99 ikiwa na betri inayodumu zaidi, na waliokuwa na mfuko mdogo walipata Lite kwa dola 199.99. Hakuna hakika kwamba Switch 2 itafuata njia hiyo. Mwaka 2025 ushuru uliotangazwa na Marekani mwezi Aprili ulichelewesha oda za huko hadi tarehe 24, na bei za baadhi ya vifaa vya ziada zikapanda. Bei zinaweza kupanda badala ya kushuka. Lakini mambo mawili yatapatikana kwa kila anayengoja: ushahidi wa vijiti vilivyotumika kwa miezi, na orodha ndefu zaidi ya gemu. Hayo hayanunuliwi siku ya kwanza kwa bei yoyote.

Mjomba wa London

Kwa familia nyingi mashine ya namna hii haitoki dukani mtaani. Inatoka kwenye begi la ndugu. Ndiyo maana mazungumzo muhimu hufanyika kwenye simu, mara nyingi mzazi akiwa jikoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Shule vipi?"

"Nzuri. Mjomba, Switch mpya imetoka."

"Aa, hiyo tu? Usijali, mjomba wako nipo."

Mjomba hajui kwamba hiyo "hiyo tu" ilikuwa pauni 395.99 ilipozinduliwa mwaka 2025. Akijua ataona aibu kurudi nyuma, na mtoto atakuwa ameshawaambia darasa zima. Busara ni mama kumtangulia kaka yake kwa simu yake mwenyewe: kumweleza bei, kumwambia kama nyumbani wameridhia, na kumpa nafasi ya kusema hapana bila kufedheheka.

Kama ndugu ameridhia kweli, yapo ya kumkumbusha. Mwenye ndugu Japani ajue kwamba huko zipo Switch 2 za aina mbili. Moja, iliyouzwa yeni 49,980 mwaka 2025, ilikuwa nafuu sana, lakini imefungwa kwa lugha ya Kijapani na inakubali akaunti za Japani pekee. Ya lugha nyingi ilikuwa yeni 69,980. Ndugu akiiona ile ya kwanza na kufurahia bei, mtoto atapokea mashine asiyoweza kuisoma. Anayenunua Marekani akumbuke kwamba chaja itakuja na plagi ya pini mbili bapa. Na risiti itunzwe na huyo huyo ndugu, kwa sababu dhamana itadaiwa kule ilikonunuliwa.

Haikuwa busara kumhimiza aliyetaka kuinunua wiki ya kwanza mwaka 2025. Japani peke yake, watu wapatao milioni 2.2 waliomba kuingia kwenye bahati nasibu ya kununua kupitia duka la mtandaoni la Nintendo. Foleni ya namna hiyo huzaa walanguzi, na mlanguzi haulizi mjomba ana watoto wangapi.

Mashaka yasiwe pazia

Mzazi aliyefika hapa ana hoja za kutosha za kukataa: betri, vijiti, kadi, uzito. Na hapo ndipo penye hatari.

Mtoto si mjinga. Baba akisema, "Hatununui kwa sababu betri yake ni mbovu," mtoto ataenda kutafuta kifaa cha kuongeza chaji na kurudi nacho kama jibu. Baba atasema vijiti, mtoto ataleta habari kwamba vimeundwa upya. Baada ya hoja tatu mtoto atagundua kwamba tatizo halikuwa betri wala kijiti, ni fedha, na kwamba baba alijua tangu mwanzo. Atakuwa amejifunza kwamba nyumbani kwao ukweli wa fedha hausemwi. Somo hilo huwa ghali zaidi ya mashine, kwa sababu mtoto huyo akikua naye atamficha baba yake madeni.

Kama fedha haipo, isemwe kwamba haipo. "Mwanangu, mwaka huu hatuiwezi" ni sentensi nzima, haihitaji msaada wa Nvidia. Mtoto atanuna siku mbili tatu, na atapona. Kama fedha ipo lakini ina kazi nyingine, itajwe hiyo kazi. Na kama fedha ipo na mzazi anasita kweli kwa sababu ya kifaa chenyewe, hapo ndipo mashaka ya betri na vijiti yana mahali pake, na mtoto ashirikishwe kama mjuzi.

Apewe daftari na kalamu. Upande mmoja aandike kila penye "hadi". Upande wa pili aandike atakavyotumia yeye: atachezea wapi, saa ngapi kwa siku, gemu zipi, na kila moja bei yake ni kiasi gani na ni ya kadi kamili au ya ufunguo. Kisha wakubaliane tarehe ya kulifungua tena daftari hilo, tuseme likizo ya Desemba. Wakati huo vijiti vitakuwa vimefanya kazi kwa muda zaidi, na watu watakuwa wameandika yaliyowapata. Tarehe ikishatajwa iheshimiwe. Mtoto aliyeambiwa Desemba halafu Desemba ikapita kimya, mwakani hatakubali kungoja chochote.

Ikiwa uamuzi utakuwa kununua, zipo kazi mbili za mzazi kabla ya boksi kukabidhiwa. Ya kwanza ni kuweka kwenye simu yake programu ya Nintendo ya udhibiti wa wazazi, inayomwezesha kuona mtoto amecheza nini na kupanga mwisho wa muda. Ya pili inahusu kitufe kipya chenye herufi C kwenye pedi. Hicho hufungua GameChat, mahali pa kuongea na wachezaji wengine kwa sauti, na kwa picha kamera ikiunganishwa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 16 hakifanyi kazi mpaka mzazi aruhusu kupitia programu hiyo, na mzazi ndiye anayechagua mtoto aongee na nani. Mzazi asimpe mtoto simu ili ajiruhusu mwenyewe. Akae naye, amwulize kila jina ni la nani, na asilolitambua asilipitishe.